Ganda kuingia chemba si ruhusa ya kupiga: kipimo cha baruti kwa .500 ya mitutu miwili

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Texas. Mwaka jana nilinunua mnadani bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili, kaliba .500, yenye nyundo za nje. Muuzaji alisema ni ya miaka ya 1880. Nimenunua maganda mapya ya inchi 3 na yanaingia bila shida. Hata risasi za kiwandani za .500 Nitro Express zinaingia. Jamaa mmoja wa uwanja wa shabaha ananiambia nizipige tu. Mwingine anasema nichukue uzito wa baruti nyeusi wa zamani, nikate asilimia fulani, nijaze baruti isiyo na moshi. Kipimo salama nakipataje? Na je, siku moja naweza kuja nayo nyumbani kuwinda nyati?"

Marahaba, mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, inuka uzitoe hizo risasi za Nitro Express kwenye kabati la bunduki hiyo. Zifungie mahali pengine kabisa. Siku moja utakuwa na haraka, au mgeni atataka kuonyeshwa, na risasi itakayokuwa karibu ndiyo itakayoingia.

Nitakueleza kwa nini, maana ukielewa hili mengine yote yatakaa sawa. Bunduki za Express za miaka ya 1870 na 1880 zilitumia baruti nyeusi: ganda refu, baruti nyingi, kichwa chepesi cha madini laini ya risasi. Kipimo kilichozoeleka cha .500 ya inchi 3 kilikuwa greni (kipimo kidogo cha uzito) 136 za baruti nyeusi nyuma ya kichwa cha greni 340, kikitoka kwa kasi ya futi 1,900 kwa sekunde na ushei. Mwaka 1898 fundi bunduki John Rigby alichukua ganda la .450 la inchi 3¼, ambalo tayari lilikuwepo kwa baruti nyeusi, akaliwekea greni 70 za kodaiti, yaani baruti isiyo na moshi ya Kiingereza, na kichwa cha greni 480. Wenzake wakamfuata, na hizo ndizo Nitro Express. .500 ikapewa greni 80 za kodaiti na kichwa cha greni 570 kwa futi 2,150 kwa sekunde. .577 ya inchi 3 ikapewa greni 100 na kichwa cha greni 750.

Ganda la nje halikubadilika. Vipimo ni vilevile, kwa hiyo risasi ya mwaka 1905 inaingia katika chemba ya mwaka 1880 kama mguu katika kiatu chake. Piga hesabu ya nguvu: ile ya baruti nyeusi hutoa takriban futi-ratili 2,800, ya kodaiti takriban 5,850. Ni zaidi ya mara mbili, ndani ya chuma ambacho aliyekifua hakuwahi kuiota nguvu hiyo. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na risasi ya tatu, greni 55 za kodaiti na kichwa cha greni 440, iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya bunduki za baruti nyeusi zilizokuwa imara. Nguo moja, watu watatu. Kwa hiyo kuingia kwa ganda hakukwambii lolote kuhusu usalama.

Anayekwambia ni mtutu wenyewe. Vua kipande cha mbao cha mbele, toa mitutu, igeuze, tazama pale chini ya chemba panapokuwa tambarare. Chukua taa kali na lenzi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1868 inataka kila mtutu ujaribiwe kwa mlipuko mkubwa kuliko wa kawaida kabla ya kuuzwa, na unaopona hugongwa mhuri. Nyumba ya majaribio ya Birmingham ipo tangu 1813. Ya London ni ya chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati mwaka 1637. Mihuri ya Birmingham ya kabla ya 1904 ni fimbo mbili za kifalme zilizopishana zenye taji juu, mmoja ukiwa na herufi B, P na C kwenye pembe, mwingine ukiwa na V. Ya London ni GP zilizofungamana chini ya taji, pamoja na V chini ya taji. Ukikuta hizo tu, bunduki yako ilijaribiwa kwa baruti nyeusi, na baruti nyeusi ndiyo dari yake. Kuanzia 1904 Birmingham waligonga BP, BV na, kwa baruti isiyo na moshi, NP, kila moja chini ya taji. Bunduki ya kodaiti ya wakati huo mara nyingi huandikwa wazi neno CORDITE na tarakimu mbili, ya kwanza uzito wa kodaiti, ya pili uzito wa kichwa, kisha MAX, yaani kisizidi hapo. Ukikuta tarakimu kama hizo, hiyo MAX isome kama amri.

Usishughulike sana na jina lililochorwa juu ya mitutu. Bunduki nyingi zilizouzwa kwa majina ya maduka ya London zilifuliwa Birmingham, na mwuza duka hakuwa mjaribu. Kama umebahatika kupata sanduku lake la asili, fungua kifuniko utazame lebo. Mara nyingi fundi aliandika humo kipimo alichokitumia kuzipatanisha shabaha za mitutu miwili, na jina la baruti. Ukiona dramu 5, usishtuke: dramu moja ni greni 27.3, kwa hiyo dramu 5 ni zile greni 136 tulizozitaja.

Uzito pia husema. Ipime. .500 ya baruti nyeusi kwa kawaida huwa na ratili 8 hadi 9, yaani kilo 3.6 hadi 4. Ya kodaiti huwa ratili 10 na nusu au zaidi. Yako ikiwa nyepesi huku mwenye kuiuza akisema ni ya kodaiti, amini mizani.

Lakini mhuri ni ushahidi wa siku moja, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Tangu hapo mtutu umesafishwa, umekwanguliwa, pengine umelowa maji ya chumvi katika meli. Kwa hiyo uichunguze kama mgonjwa. Ning'iniza mitutu peke yake kwa kidole kwenye lile jino la chini, kisha igonge kwa kifundo cha kidole. Ikiwa lehemu ni nzima italia kama kengele, mlio mrefu. Ikitoa mlio mfu kama debe lililopasuka, pao linaloiunganisha limeachia mahali, na bunduki ya namna hiyo haipigwi hata kwa kipimo kidogo mpaka ilehemiwe upya na mtu anayeijua kazi hiyo. Rudisha mitutu kwenye mwili bila ile mbao ya mbele, funga, shika kitako, tikisa. Ukisikia mchezo kwenye bawaba, peleka kwa fundi. Tazama mbao nyuma ya chuma, pale mkono unaposhika, kama kuna ufa mwembamba. Halafu angalia ndani ya mtutu dhidi ya mwanga, ukitafuta kivuli cha pete. Pete ni uvimbe, na uvimbe ni chuma kilichokwisha kunyooka kupita uwezo wake.

Pete hiyo naijua vizuri. Nilipokuwa kwenye meza ya ufundi huko Birmingham, bwana mmoja aliniletea .450 nzuri mno, ya baruti nyeusi, michoro yake bado mikali. Alikuwa amepiga risasi sita tu alizoshindilia mwenyewe kwa hesabu ya asilimia, kama hiyo aliyokupa jamaa yako. Mtutu wa kushoto ulikuwa na pete mbele ya chemba. Nje huoni kitu. Ukipitisha kidole taratibu unaihisi. Bunduki iliyookoka vita na mvua za msimu za Bara Hindi iliharibika asubuhi moja. Niliumia kuliko mwenyewe.

Baada ya uchunguzi ndipo uanze kupima. Usiamini maandishi .500 kama ndiyo kipenyo. Mafundi wa wakati ule kila mmoja alikuwa na vifaa vyake, na mitutu ya kaliba hii hutofautiana. Mimina kipande cha risasi laini kikubwa kidogo kuliko tundu, kipake mafuta, kisukume polepole kwa ufito wa shaba kutoka upande wa chemba hadi mdomoni, kisha kipime kwa maikromita pale mifereji ilipochora kina. Fanya kila mtutu peke yake. Ukihisi ufito umeteleza ghafla mahali fulani kisha ukakaza tena, hapo ndipo pana pete uliyoikosa kwa macho. Kwa chemba, mafundi wa zamani walimimina salfa iliyoyeyushwa. Siku hizi kuna metali maalumu ya kuyeyuka kwa joto dogo, nayo ni rahisi zaidi. Unachotafuta ni urefu halisi wa chemba na kina cha mahali ukingo wa ganda unapokaa.

Kichwa kiwe cha risasi laini na bati kidogo, sehemu moja ya bati kwa sehemu 16 hadi 20 za risasi, kiwe sawa na kipenyo ulichokipima au kikubwa kwa elfu moja ya inchi. Kalibu za kumiminia zinapatikana. Usitumie vichwa vya shaba tupu, wala vyenye ganda gumu la shaba. Chuma cha wakati ule ni laini na kuta za mtutu ni nyembamba. Kichwa kigumu kikilazimishwa kupita, mifereji ya ndani huanza kuonekana kama mistari upande wa nje. Nimeona hivyo kwenye mitutu mizito ya kodaiti, sembuse yako. Uzito ubaki ule wa awali, greni 340, au ule ulioandikwa kwenye lebo yako.

Sasa baruti. Ushauri wangu ni mmoja: baruti nyeusi halisi, ya chembe kubwa, aina ya 1½F au 1F. Waingereza walitumia sana namba 6 ya watengenezaji baruti Curtis's & Harvey, iliyokuwa kali kuliko nyeusi nyingi za leo, ndiyo maana watu wengi hupendelea baruti ya Uswisi ya 1½F kwa bunduki za Express. Pima kwa mizani, usipime kwa jicho. Anza na kipimo cha greni 120 hivi, upande kwa greni 3 hadi 5 kila hatua, na usivuke 136 isipokuwa mhuri au lebo yako inasema vingine. Ukianza chini, ile nafasi iliyobaki ijazwe na vishindilio vya manyoya na karatasi ngumu, kwa sababu baruti nyeusi haitakiwi iachiwe hewa kati yake na kichwa. Hewa hiyo huzaa pete. Baruti, kadi, kishindilio cha manyoya kilicholoweshwa mafuta ya nta na shahamu, kadi nyingine, kichwa. Mafuta yale hulainisha masizi, risasi ya pili ipite kwenye mtutu usiokauka.

Jambo moja litakusumbua. Maganda ya leo ni ya shaba nene yenye kitako kizima, wakati mengi ya zamani yalikuwa ya bamba jembamba lililokunjwa. Kwa hiyo ndani yana nafasi ndogo, na huenda greni 136 pamoja na vishindilio zisienee. Usizisukumize kwa nguvu ili utimize namba ya kitabuni. Kipimo kinachoenea kwa kubanwa kidogo ndicho chako, hata kikiwa greni 128.

Utaniuliza kwa nini nang'ang'ania baruti yenye moshi na masizi. Ni kwa sababu ganda lenyewe linakulinda. Likijaa limejaa, huwezi kulishindilia mara mbili. Baruti isiyo na moshi huchukua sehemu ndogo tu ya ganda kubwa kama hilo. Kipimo maradufu huingia na bado huoni tofauti. Kile kidogo pia hulala chali ndani ya ganda, moto wa fataki, kile kiwashio cha kwenye kitako cha ganda, hukipata vibaya, leo hivi kesho vile, na watu huweka vijazio kukisimamisha, na kila kijazio hubadilisha mgandamizo. Hesabu ya asilimia inachukulia kwamba fataki yako, kichwa chako, ganda lako, kijazio chako na joto la Texas mwezi wa Agosti ni sawa na vya yule aliyeibuni. Joto si jambo dogo. Kodaiti ilipanda sana mgandamizo juani, na ndiyo sababu risasi za bunduki za tembo zilitengenezwa kwa mgandamizo wa chini kuliko za kijeshi. Kama siku moja utataka kabisa baruti isiyo na moshi, iwe kwa kipimo kilichochapishwa baada ya kupimwa mgandamizo kwa vyombo, kwa kaliba hiyo hiyo na daraja hilo hilo la bunduki, kikifuatwa neno kwa neno, katika bunduki iliyojaribiwa kwa ajili yake. Hesabu ya mdomo kutoka uwanjani usiishindilie.

Hata nyeusi ina adhabu yake mtu akizembea. Frederick Selous, yule mwindaji Mwingereza ambaye kaburi lake liko Beho Beho, kaskazini mwa mto Rufiji, aliwinda tembo ujanani miaka ya 1870 kwa gobore la kaliba 4. Namba hiyo ni ya kipimo cha ratili: risasi nne za duara kwa ratili moja ya madini ya risasi, kila moja wakia 4. Alikuwa akichota baruti kwa kiganja kutoka mfuko wa ngozi. Siku moja gobore lilishindiliwa mara mbili pasipo yeye kujua, na alipofyatua lilimnyanyua na kumbwaga. Kipimo maradufu kiliwezekana kwa sababu gobore halina ganda la kukikataa. Wewe unalo.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa bunduki yenyewe inakujibu. Mitutu miwili haikulehemiwa sambamba. Inaelekeana kidogo kuelekea mdomoni. Unapofyatua mtutu wa kulia, teke halipiti katikati ya bega lako bali kulia kidogo, kwa hiyo bunduki huanza kuzunguka kulia na kuinuka hata kabla kichwa hakijatoka mdomoni. Wa kushoto hufanya hivyo kwa upande wake. Fundi alipiga, akayeyusha lehemu mdomoni, akasogeza kabari ndogo, akapiga tena, siku nzima, mpaka mizunguko ile miwili ikakutana shabahani kwa kipimo kimoja cha baruti na kichwa kimoja. Kasi ile aliifunga ndani ya lehemu.

Kwa hiyo weka shabaha yadi 50. Pakia mtutu mmoja tu kwanza, mwingine uwe mtupu, mpaka uhakikishe kwamba teke la mmoja haliangushi nyundo ya mwingine. Usiilaze mitutu juu ya kitu kigumu. Simama, weka mkono kwenye mto wa mchanga na bunduki juu ya mkono, iweze kuruka kama alivyoiachia fundi. Piga kulia, kisha kushoto, kwa mwendo uleule, pumzisha mitutu ipoe, rudia mpaka upate nne za kila upande. Tafuta kitovu cha nne za kulia na kitovu cha nne za kushoto.

Kama za kulia zimekwenda kulia na za kushoto kushoto, na zote ziko juu, kichwa chako ni cha polepole: kimekaa mtutuni muda mrefu, bunduki imezunguka kupita kiasi. Ongeza kidogo. Kama zimepishana, za kulia zikaenda kushoto, na ziko chini, kasi imezidi. Punguza. Vitovu viwili vikikaa bega kwa bega, vikiachana kwa inchi moja hivi kama mitutu yenyewe inavyoachana, hapo umekifikia kipimo alichokifunga fundi. Acha hapo. Usitafute kasi zaidi kwa sababu kronografu, kile chombo cha kupimia kasi, inaonyesha 1,850 badala ya 1,925. Na ukifika kwenye dari ya mhuri mitutu ikiwa bado imeachana, usipande tena. Jaribu kichwa kingine cha uzito wa karibu, au kubali.

Wale waliozoea bunduki za kisasa za bolti hutazama fataki kama imebapa ili wajue mgandamizo umezidi. Kwa bunduki yako dalili hiyo huja kwa kuchelewa mno. Ganda likigoma kutoka, au bunduki ikifunguka kwa uzito kuliko kawaida, wewe tayari uko mahali pabaya. Simama siku hiyo, peleka kwa fundi.

Ukimaliza, maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo, kisha mafuta. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na usiku mmoja unatosha kuanza kutu.

Kuhusu sheria, nchini Marekani bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa ya kale katika sheria ya shirikisho, lakini za majimbo hutofautiana, na kuisafirisha nje ni habari nyingine yenye vibali vyake pande zote mbili.

Na nyati, mwanangu, hapana. Kichwa cha greni 340 cha Express kilitengenezwa kwa ajili ya kulungu wa Uskoti na chui milia wa Bara Hindi. Ni chepesi, ni laini, mara nyingi kina tundu puani ili kifumuke upesi. Kwenye bega la nyati kitafumuka katika ngozi na nyama ya juu, na mnyama aliyejeruhiwa atawangoja wewe na mfuatiliaji wako kichakani. Mfuatiliaji hakuchagua kaliba, ila ndiye anayetangulia. Ukija kuwinda nyati, azima au kodi bunduki ya kazi hiyo, .375 au kubwa zaidi. Ile ya mnadani ipige huko huko shabahani, na kama kibali kipo, nguruwe pori wa Texas ni saizi yake hasa.

Nitumie picha za mihuri ya chini ya chemba kabla hujanunua baruti.